Kivuli cha Siku Moja

Niliposimama ukumbini filamu ilikuwa haijaisha. Majina ya waigizaji yalikuwa yanapanda kwenye kitambaa cheupe, muziki wa msiba unapigwa, na katikati ya majina wanaweka picha halisi za marehemu Dokta Lugata, mtafiti wa mbegu za pamba. Dokta na darubini. Dokta anapeana mkono na mkubwa fulani. Dokta juu ya trekta ambalo hakuwahi kuliendesha. Halafu ikaja ile. Dokta amesimama chini ya kivuli cha miti na turubai, kabeba mtoto mdogo, anacheka. Chini wameandika: "Kivuli alichowajengea akina mama." Ukumbi mzima wa Bariadi ukapiga makofi.

Binti yangu Limi, yuko darasa la pili, akanivuta kanga. "Mama, yule si mimi? Si ile picha ya nyumbani?"

Ni yeye. Upande wangu wa pili alikaa Kwangu, mdogo wangu wa kazini, mtoto wake wa miezi michache amelala mgongoni. Siku hiyohiyo asubuhi mtoto huyo alikuwa kalazwa kwenye mfereji kati ya matuta ya pamba, jua linampiga, mama yake anapalilia. Na Kwangu naye anapiga makofi. Hapo ndipo uvumilivu wangu ulipokatika.

Sikupiga kelele. Nilisema kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya shamba, ndiyo sauti niliyonayo. "Hicho kivuli kiko wapi? Nani humu ndani amewahi kukikalia?"

Mshereheshaji akaniambia maswali baadaye, mama. Nikamuuliza baadaye ni lini, kwa sababu huyu hapa kesho asubuhi anaingia shambani na mtoto. Meneja wa kituo akageuka kutoka kiti cha mbele, anatabasamu kama mtu aliyeng'ata jiwe kwenye wali mbele ya wakwe.

"Mama Limi, leo tumekuja kumkumbuka Dokta."

"Ndicho ninachofanya, meneja. Namkumbuka."

Basi na nimkumbuke vizuri, kwa maandishi, kwa ajili yenu mabinti mnaoingia kituoni msimu huu. Ukumbini nilikuwa nimeketishwa benchi la wastaafu, pamoja na mzee aliyekuwa mlinzi na mzee aliyekuwa dereva. Nina miaka thelathini na moja. Wanaotaka kucheka wacheke. Nimefanya kazi kwenye kituo kile cha mbegu upande wa Dutwa miaka tisa, nimeondoka baada ya mavuno yaliyopita, na kwa kuwa sirudi, nimestaafu. Mambo ya vyeo siyaandiki. Sikupewa.

Nilitoka shule ya Sola na cheti changu cha kidato cha nne, nikijua nakwenda maabara. Nilivaa viatu vya kufunika na sketi ya kubana. Waliponiingiza katikati ya pamba inayonifika kiunoni, umande ukanilowesha mpaka mapajani, wanawake wakacheka mpaka wakashikana. Aliyewanyamazisha ni Mayu Ngolo, mayu ndiyo mama kwa Kisukuma, mtu mzima wa Mwandoya, msimamizi wa mistari. Alinitazama kuanzia juu hadi chini, akaniuliza kama viatu vile vimefaulu masomo mangapi. Kisha akanishika kidole gumba, akakagua ukucha. Mfupi. Akasema niende kwenye palizi mpaka uote, ndipo atanifundisha kazi.

Kazi yenyewe ni hii. Ua la pamba lina dume na jike ndani ya nyumba moja. Ukitaka mbegu chotara, lazima umwondoe dume kabla hajafanya lake. Mchana, unachagua ua ambalo kesho litafunguka: limejikunja, limechongoka kama ncha ya kidole. Unaingiza ukucha wa gumba chini, unazungusha mara moja, unavua petali pamoja na chavua zote kama unavyomvua mtoto kofia. Kinabaki kijiti cha katikati, hicho ndicho jike, na ukikichubua umeua tunda. Unakivika kipande cha mrija kilichokunjwa juu, unafunga uzi mwekundu. Kesho yake, umande ukishakauka, unaleta ua la dume kutoka mistari ya pili, unalipaka juu ya kijiti, unafunga uzi mweupe. Umemaliza ua moja. Yako maelfu.

Kuvua kule Dokta alikuita kuhasi, na ndilo neno la kazi mpaka leo. Mnajua kwetu anayehasi ni nani. Ni mwanamume, tena si kila mwanamume, na mwanamke hasogei zizini fahali anapolazwa chini. Sasa sisi tunarudi nyumbani jioni tunasema leo tumehasi. Baba mkwe wa mwenzetu mmoja alikataa kula chakula alichopika. Ng'ombe wenyewe, alisema, watamkimbia.

Wanawake wakajitungia utaratibu. Mwenye mtoto mchanga asihasi mbele ya macho yake, maana mtoto akiona mama anahasi, atapooza, au akikua hatazaa. Kwa hiyo wakati wa palizi mtoto analala kwenye mfereji karibu na mama. Lakini wakati wa maua anapelekwa mbali, mwisho wa mstari, analazwa kageuzwa upande wa barabara ili asione. Mbali kiasi kwamba akilia humsikii kama upepo ni mbaya. Utaratibu huo ndio nilioukuta, na nilipojifungua Limi nikaufuata, kwa sababu ukiwa mgeni na mwenye cheti, unafuata mara mbili ili usionekane unajidai.

Kwenye filamu jambo hili limo. Mnaona wanawake wamejifunika nyuso, wanatetemeka mbele ya ua, na Dokta anasimama juu ya kichuguu anawaeleza kwa upole kwamba ua si fahali na sayansi haina laana. Wanalia. Wanamshika miguu. Nilipoona pale nilitaka kucheka, lakini mtoto wa Kwangu alikuwa amesinzia.

Dokta alipoambiwa habari ya kuwapeleka watoto mbali, alicheka, tena kwa furaha. "Vizuri sana," alimwambia Mayu Ngolo. "Wawekeni mbali. Mwanamke mwenye mtoto karibu anahasi vibaya." Hiyo ndiyo hotuba yote. Hakupanda kichuguu.

Msinielewe vibaya, hakuwa mtu mbaya wa kila siku. Pamba aliijua. Alikuwa anapita kwenye mstari bila kusimama, anakuambia maua yako ya jana yameshika na ya juzi umeyachubua, ulikuwa na hasira na nani. Alikula michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga pamoja nasi, kakaa juu ya ndoo. Alinifundisha kutumia lenzi ya mkononi, na siku niliyoona chavua kwa mara ya kwanza, mviringo, zenye miiba midogo, alisimama pembeni akanisubiri nishangae mpaka nimalize. Mbegu yake ndiyo iliyofanya wakulima wa mkoa huu waache kulia kila mvua inapochelewa. Hilo nampa, na halihitaji waigizaji.

Lakini filamu haikutaka mtu, ilitaka malaika. Inaanza na kitoto kisicho na viatu kinachunga ng'ombe, kitabu mkononi. Dokta mwenyewe alituambia hajawahi kuchunga hata mbuzi, baba yake alikuwa fundi cherehani mjini, na ng'ombe alikuwa anawaogopa. Kisha inaonyesha wazee wenye hirizi wanataka kumchomea shamba. Wazee gani? Wazee walikuwa wa kwanza kuomba mbegu. Mmoja wao alifukia dawa kwenye kona ya shamba ili wezi wa pamba wapotee njia, na Dokta akaiacha palepale, akasema data zinaonyesha wizi umepungua. Halafu kuna ile sehemu anahasi maua usiku kwa taa ya chemli, mvua inanyesha, peke yake. Na maua anayoyahasi ni ya waridi. Ua la pamba likiwa la waridi limeshafunguka jana, limeshaolewa. Angekuwa hai Dokta angerusha kiatu kwenye kile kitambaa.

Sasa nifike kwenye kivuli.

Limi alikuwa na miezi saba, maua yamepamba moto. Nilimlaza mwisho wa mstari kama wengine, juu ya gunia tupu. Magunia yale yalikuwa mazuri, mazito, hayapitishi unyevu, tuliyagombania. Yalikuwa yamekuja na mbegu ya kupanda, ile mnayoijua, iliyopakwa dawa ya rangi mpaka vidole vinabaki vyekundu. Tulikuwa tunayakung'uta, tunayaanika, basi. Kila mama alilaza mtoto juu yake.

Nilipokwenda kumnyonyesha, mate yalikuwa yanamtoka bila kukoma, kajikojolea, shingo imelegea. Ncha ya gunia ilikuwa imelowa, aliitafuna. Nilimbeba mbio mpaka kwenye mistari, na wanawake waliponiona hakuna aliyetazama gunia. Waliuliza jambo moja: aliona? Mmoja akasema asubuhi nilihasi upande wa karibu, mtoto hakugeuzwa vizuri. Mwingine akaanza kunivua uzi mwekundu niliokuwa nimeufunga mkononi, eti ndio unaomvuta. Hata Mayu Ngolo, mwanamke niliyemwamini kuliko wote, alitaka nipelekwe kwanza kwa mzee mmoja njia ya Dutwa, nifunguliwe kazi hii mwilini, ndipo hospitali. Nilimwambia hapana, kwa kiburi tu, si kwa akili. Mwenye pikipiki aliyeleta maji akatupeleka Bariadi.

Muuguzi alimtazama mtoto macho, akaninusa mikono, akauliza amelalia nini. Nikamwambia. Alimwita daktari mbio. Walimchoma sindano, wakamwosha, wakanivua na mimi nguo. Limi alikaa pale siku kadhaa. Akaamka. Wapo watoto wawili wa kabla ya wangu ambao kituoni walisemwa kwamba waliona, na hawakuamka. Mama zao waliacha kazi kwa aibu, wakiamini wao ndio waliowahasi watoto wao. Sikuweza kulala na hilo, na sitalala nalo.

Niliporudi nilikwenda moja kwa moja kwa Dokta. Nilimwamkia shikamoo, nikamweleza kuhusu gunia. Magunia aliyapiga marufuku siku hiyohiyo, na hilo nalo nampa. Kisha nikamwomba kivuli. Miti minne, nyasi juu, mahali ambapo mama mmoja atabaki na watoto wote kwa zamu, ili mtoto asiwe peke yake tena.

"Pamba haipendi kivuli, binti," alisema. "Kivuli kikiangukia mistari yangu, majaribio yamekufa."

Nikasema basi kiwekwe mpakani, kando ya barabara, kivuli kiangukie barabara. Akasema nimemjibu vizuri, kweli nilisoma, atalifikiria. Alilifikiria mpaka msimu ukaisha.

Msimu uliofuata wakaja wageni, wale wanaotoa fedha za utafiti. Asubuhi tulikuta kivuli kimesimama. Mpakani, kando ya barabara, palepale niliposema. Miti na turubai jipya. Nililia, wallahi, nilimshukuru Mungu. Tukaambiwa tukae chini yake na watoto, tuimbe. Dokta akamchagua Limi kwa sababu alikuwa amenenepa tena na hakuwa analia kwa watu, akambeba, wageni wakapiga picha. Waliondoka baada ya chakula. Kabla jua halijashuka turubai lilikuwa limefunguliwa, limerudi stoo, linahitajika kufunikia pamba. Miti ikaondoka na mpishi.

Mayu Ngolo alisimama akatazama mashimo manne. "Mayu," aliniambia, "umewahi kuona ng'ombe anaazimwa ili mtu aonekane tajiri siku ya posa? Leo ng'ombe ni sisi."

Picha nililetewa nakala, nikaitundika ukutani, maana ni picha nzuri na ni mwanangu. Dokta alifariki miaka michache baadaye, nikamlilia, sikatai. Akaja meneja huyu tuliye naye. Kila msimu tuliomba kivuli, kila msimu kikawa kwenye mipango. Nilipopata mtoto wa pili, Sayi, nilikataa kumlaza kwenye mfereji. Meneja akaniita, akaniambia kwa heshima zote kwamba mwenye mtoto achague. Nikachagua. Ndiyo hafla yangu ya kuagwa, haikuwa na keki.

Kijana wa Dar anayetengeneza filamu alikuja kwangu kipindi hichohicho. Mpole, ananiita mama, alikunywa chai yangu. Aliona picha ukutani, akaomba kuipiga kwa simu. Nilimruhusu, nikamsimulia yote haya mnayoyasoma: gunia, watoto wawili, turubai. Alirekodi. Alitikisa kichwa kwa huzuni sehemu zote zinazostahili. Usiku ule wa ukumbini, nilipotoka nje na Limi, alinifuata mpaka mlangoni.

"Mama, nilikusikia vizuri kabisa," alisema. "Lakini watu wanahitaji kutoka na matumaini. Filamu lazima iwe na mwisho mzuri."

"Mwanangu, mwisho mzuri hujengwa, hauigizwi."

Akasema yeye ni msanii, hajengi. Nikamwambia hata kile kivuli walichokalia akina mama wa kuigiza kwenye filamu, kuna mafundi walikijenga ili mpige picha. Kiko wapi? Akatazama viatu vyake. Walikibomoa. Mara ya pili, jamani, kivuli kilekile.

Kwangu alitoka nyuma yetu. Alikuwa amenisikia nikimkumbusha kijana yule habari ya magunia, akaniuliza taratibu kama ni kweli au nilikuwa na hasira. Alikuwa hajui. Yeye ameambiwa na wenzake kwamba wakati wa maua mtoto apelekwe mbali asione, basi, na kituoni mbegu mpya imeingia na magunia mapya, na marufuku ya Dokta ilikufa na Dokta. Nikamuuliza maua yakianza anapanga kumlaza wapi. Akanionyesha kwa mkono kuwa mbali, kule mwisho. Akaongeza kwamba si atakuwa kwenye kivuli, filamu imesema kipo, labda wanakijenga upande wa pili ambako hajafika.

Mnaona sasa kwa nini naandika. Uongo juu ya marehemu hauniumi, marehemu wote husifiwa. Huu utamlaza mtoto wa Kwangu juu ya gunia.

Jumatatu nilikwenda kwa afisa kazi, Sayi mgongoni. Ni mama wa makamo, alinikaribisha kiti, akanisikiliza mpaka mwisho bila kushika simu. Kisha akauliza kwa uangalifu kama ninamlalamikia marehemu.

"Hapana, mheshimiwa. Yeye amepumzika. Nawalalamikia walio hai."

Akaniambia ili afike shambani lazima awe na maandishi. Nikaandika palepale kwenye meza yake, Sayi anavuta kalamu. Akagonga muhuri nakala tatu: ya kwake, ya kituo, ya wenye filamu. Nanakili hapa kama ilivyo.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU WATOTO WACHANGA SHAMBANI NA PICHA YA MWANANGU

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mfanyakazi wa zamani wa kituo cha mbegu. Nalalamika mambo mawili.

La kwanza, wanawake wa kituo wanalaza watoto wachanga kwenye mifereji ya pamba na juu ya magunia yaliyobeba mbegu yenye sumu. Mwanangu alidhurika hivyo, na hospitali iliyomtibu inayo kumbukumbu. Wakati wa maua watoto huachwa peke yao mbali na mama zao. Wanawake wanaamini mtoto hudhuriwa na kumwona mama yake akihasi maua. Naomba waambiwe na mtu wa serikali, kwa Kisukuma, wakiwa wote, kwamba kinachodhuru ni gunia. Naomba pia mama wawili walioacha kazi watafutwe waambiwe hivyo hivyo. Majina yao nimeyaandika kwenye karatasi ya pembeni, yasisomwe hadharani.

La pili, filamu ya maisha ya Dokta inaonyesha picha ya mwanangu kuwa ushahidi wa kivuli kilichojengewa akina mama. Kivuli hicho kilisimama siku moja, kikabomolewa siku hiyohiyo. Picha nilitoa mimi, maneno yaliyo chini yake sikuyatoa.

Sidai fidia wala kurudishwa kazini. Pamba inakaribia kutoa maua. Naomba kabla ua la kwanza halijafunguka, kivuli kisimamishwe shambani, au kitolewe kwenye filamu.

Ni mimi,
Minza, mama wa mtoto aliye kwenye picha.